Moteri Iliyotolewa Ziwani

Mazutu, yaani dizeli, haitoki kwenye nguo. Yeyote atakayekuambia kwamba inatoka kwa sabuni ya mche na jua la Kalemie, huyo anakuuzia sabuni. Kamba yetu ya kuanikia iko karibu na mahali Papa anapofanyia kazi, kwa hiyo shati langu jeupe la shule limefuliwa mpaka kola imekuwa nyembamba kama hostia, na bado, mvua ikikaribia na hewa ikilegea, linatoa ile harufu: mazutu, matope ya ziwa, na kitu cha tatu ambacho sijakipatia jina. Mwalimu wa fizikia hunusa, akauliza nani ameingia na kidumu darasani. Wote wananigeukia. Mimi nainua mkono: "Ni moteri yetu, mwalimu, imekuja kusoma." Wanacheka, nami nacheka. Lakini ninyi mnaosoma hapa nitawaambia lile ambalo darasani silisemi. Harufu ile ikinipanda puani, nageuka kutazama nyuma yangu, maana naona kama kuna mtu amesimama pale, na nguo zake zinachuruzika maji.

Nilikuwa darasa la tano la primeri moteri ile ilipoletwa nyumbani. Nilikuwa msichana mfupi, mwembamba, mdomo mkubwa. Waliniita Redio kwa sababu sikuwa na kitufe cha kuzima. Papa yangu ni fundi wa moteri za maboti, na mdogo wake, Papa mudogo Deo, alikuwa kapiteni. Walikuwa na boti moja ya mbao iliyoitwa Umeme. Ndani yake mlikaa moteri ya kamio, yaani lori, yenye pistoni sita, nzito kama dhambi ya asili, ambayo Papa aliipata kwa bei ya vyuma vikuukuu kutoka kwenye kamio lililofia barabara ya Nyunzu. Deo alitaka mbio. "Yaya, unifanyie ikimbie," alikuwa akimwambia kaka yake, na Papa akamfanyia: elisi ndogo, yaani lile pangaboi la chini ya maji, lizunguke haraka kama feni. Hakuna boti iliyoishinda Umeme kati ya Kalemie na Moba. Watu waliipanda kwa sifa tu. Deo alisimama kwenye usukani kifua wazi, na alipozipita boti nyingine alipiga mluzi, na abiria wake wakawapungia mkono waliobaki nyuma kama watu wanaokwenda mbinguni.

Halafu jioni moja ya mvua, wakitoka Moba na mahindi, upepo uliwasukuma kwenye mawe. Umeme ikapasuka. Abiria wote walifika ufukweni wakishikilia madumu na mbao. Deo hakufika.

Papa Kisimba, mfanyabiashara aliyepoteza magunia yake yote siku ile, ndiye aliyesema amemwona. "Kapiteni aliruka wa kwanza!" alitangaza sokoni. "Mbele ya bamama. Mbele ya mbuzi! Niliona kichwa yake inakata maji kama ya bata." Hazikupita wiki nyingi, mwingine akarudi kutoka Kigoma na nyongeza: Deo yuko ng'ambo, amevaa kofia nyekundu, amenenepa, na ana mwanamke. Ng'ambo ya ziwa letu ni mahali pazuri sana pa kumweka mtu ambaye hukuona maiti yake.

Mngedhani Kambo, yaani bibi yangu, mama yao hao wawili, angeona aibu. Sivyo. Alifunga kitambaa kipya kichwani, akakaa mlangoni, na kila aliyekuja na pole alirudi nayo kwake. "Pole ya nini? Mwanangu eko Kigoma. Anaogopa tu kurudi." Wakimchoma kwamba basi amezaa mwoga, alijibu bila kupepesa macho: "Kwa mwoga kicheko, kwa shujaa kilio. Muende mukalie kwingine. Mimi niko nacheka."

Kwa hiyo hatukuweka matanga. Hatukunyoa nywele, hatukulala nje, misa haikusomwa. Kila Jumapili sahani ya Deo ilitengwa mezani kama zetu. Lakini kulikuwa na jambo moja. Kambo, ambaye alizaliwa kwenye ndakala, dagaa wa ziwa letu, na kukuzwa na ndakala, aliacha kula samaki. Kwetu, ziwa likimchukua mtu na halijamrudisha, wa nyumba yake hawali kilichotoka humo mpaka azikwe. Yeye alisema ni tumbo tu linamsumbua. Mimi nilimwamini, tena nilimwombea tumbo lisipone haraka, maana sehemu yake nilikuwa naila mimi.

Kiangazi kilipofika na maji yakatulia, vijana wa nyavu waliiona moteri ya Umeme imekaa kati ya mawe mawili, mahali pasipo na kina kirefu. Papa hakuwa na uwezo wa kununua nyingine, na bila boti hakukuwa na ada ya shule wala unga. Wakaifungia mapipa matupu, wakaiinua, wakaivuta polepole mpaka kwetu kama unavyomleta ng'ombe wa Pepa asiyetaka kutembea. Walipoilaza nyuma ya nyumba, Papa alifungua bomba la kuingizia hewa. Maji meusi yakamwagika, na mchanga, na konokono, na samaki mmoja mdogo, mzima, anarukaruka. Nikamdaka, nikamtia kwenye kopo, nikaanza kumtafutia jina. Kambo alikuwa tayari yuko nyuma yangu.

"Mumurudishe ku ziwa," alisema. "Hatujue njo nani."

Nilikwenda naye mbio mpaka majini, na njiani sikufanya mzaha hata mmoja. Nyumbani bado wanalikumbuka hilo kama muujiza.

Moteri ilikaa chini ya turubai na ikaendelea kutoa maji. Haki ya Mungu, ilitoa maji siku nyingi. Kila tulipoamka tulikuta kidimbwi kipya. Saa sita, jua lilipoichoma, ilikuwa ikigonga ndani kwa ndani: tik, tik, kama mtu anayegonga kwa ukucha akitaka kufunguliwa. Papa alisema ni chuma kinapanuka. Mbuzi wetu, ambaye aliwahi kula katekisimu nzima bila kuogopa moto wa milele, hakupita karibu nayo.

Na kila asubuhi Kambo aliiletea chai. Aliweka kikombe juu ya ile kutu, akakaa kwenye kigoda, akauliza: "Deo ulimuacha wapi?" Hakuuliza kwa kulia. Aliuliza kama unavyomuuliza mtoto aliyetumwa kisimani na mwenzake akarudi peke yake. Alingoja. Kisha akajiinua, akaenda zake. Chai walimalizia kuku. Sote tuliwaona, naye aliwaona.

Kazi ilianza na pistoni, ambazo zilikuwa zimeganda kwa kutu. Papa alimimina mazutu kwenye matundu yote sita, akaongeza lutuku, ile pombe yetu inayoweza kufungua hata mdomo wa mkwe, akaziacha zilowe. Baadaye aliweka kipande cha mti mgumu na kugonga kwa nyundo. Zilitoka moja moja, zikilalamika. Mpaka hapo mpango ulikuwa rahisi: kuirudisha moteri kama ilivyokuwa, elisi ndogo, mbio zilezile, sifa zilezile.

Halafu akafungua bwati, yaani sanduku la gia. Nilikuwepo; redio hukaa karibu na fundi. Aliondoa kifuniko, akainama kuchungulia, akabaki ameinama. Mafuta meusi yalimdondokea kwenye kidole cha mguu, na hakukisogeza. Mwishowe alisimama, akaenda upande wa pompi ya mazutu, akakigusa kile kimkono kinachoongeza mafuta. Kilikuwa kimesukumwa mpaka mwisho na kutu imekishika hapohapo.

"Papa, imekwama ku nini?"

"Ku nyuma," alisema, kama anaongea na moteri. "Gia ya kurudi nyuma. Na mafuta yote."

"Sasa Papa mudogo alikuwa anataka kurudi Moba? Alisahau kintu?"

Aliniangalia kama mtu aliyekuwa amesahau kwamba nina masikio. "Redio. Hii usiipige kwa Kambo. Ukiipiga, nitakukata antena."

Alichukua bomba la chuma, akalichomeka kwenye mkono wa gia, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Gia iliachia kwa mlio ambao sikuupenda, ikarudi katikati. Akafunga kifuniko haraka, kama anamfunika mtu. Mimi nilidhani bwati imeharibika na anaogopa Kambo atalia juu ya matumizi.

Kuanzia siku ile Papa hakutaka tena kusikia habari ya mbio. "Mbio haivute kintu," alisema. "Nataka ivute." Na kuvuta, kwa mtu asiye na kitu, ni elimu ya kuokota. Pete za pistoni alizitoa kwenye kamio jingine lililokufa, akakaa akizisugua kwa tupa mpaka zikaingia. Vali alizisaga kwa mchanga wa ziwa uliochujwa kwenye kitambaa cha kichwa cha Mama, kile cha sikukuu, uliokandwa kwa mawese. Mama hakusema naye siku ile wala ya pili. Pompi ya mazutu aliibana ili moteri isipige kelele juu, ingurume chini. Nyuma ya bwati ya kwanza aliunga bwati nyingine ya kamio, ili mizunguko ipungue na nguvu iongezeke, kama mtu anayesukuma baiskeli ya makaa kilimani: haendi haraka, lakini hasimami.

Ilibaki elisi. Moteri ya namna hiyo inataka elisi pana, na elisi pana tuliijua wote ilipo: ilikuwa kengele ya kapela yetu. Ilikuwa ya meli ya zamani, shaba tupu, pana kama sinia la harusi, imetundikwa kwa mnyororo na kupigwa kwa bolti. Iliita watu kwa misa, na iliwalilia wafu wa mtaa: pigo moja, kimya, pigo moja. Papa alimwendea katekista na rimu ya kamio begani.

"Papa Redio," katekista alisema, kwa maana mtaa ulimwita kwa jina langu, "unataka kuondoka na sauti ya Mungu?"

"Mungu haendeshe boti. Kamata hii rimu, italia vizuri."

"Italia kama sufuria!"

"Na Bakristo ya hapa, sauti gani inabaleta mbio kupita ya sufuria?"

Jumapili iliyofuata kapela ilijaa kabla ya saa. Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Lakini huko nje, nikitazama ule mnyororo, niliwaza juu ya kengele ya wafu ambayo sasa itazunguka chini ya maji, mahali ambapo Papa mudogo anaweza kuisikia. Nikarudi ndani mwenyewe, nikapiga magoti.

Siku ya kujaribu, boti mpya ilikuwa majini, imeundwa kwa mbao mpya na zile za Umeme zilizookotwa. Ufukwe ulijaa. Papa Kisimba alikuja pia, mikono mfukoni.

"Papa Redio! Wanasema boti yako mupya kobe itaipita!"

"Kobe anafikaka," Papa alijibu bila kumtazama.

Alikuwa amechimbia kipande cha reli kwenye mchanga, kirefu, akakishindilia kwa mawe, na pua ya boti ameifunga hapo kwa kamba nene. Akawasha. Moteri ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena kutoka chini kabisa ya kifua, na Mama yangu akaangusha beseni lake, kwa maana ndivyo Deo alivyokohoa kila asubuhi kabla ya kuomba chai. Kambo, kwenye kigoda chake, alisogeza kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Ikaanza kunguruma, polepole, nzito. Niliisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Mafundi wote wa ziwa hili, boti ikiwa mpya, huijaribu kwenda mbele kwanza. Ni kwa baraka pia: chombo kisianze maisha yake kwa kurudi. Papa alishika mkono wa gia, akauvuta. Nyuma. Kisha akasukuma mafuta yote.

Maji yalichemka. Kamba ikakaza, ikaanza kuimba sauti nyembamba. Boti ilikaa pale ikitetemeka kama mnyama. Halafu reli ikainama. Ikainama tena. Na mara ikang'oka, na mawe yake yote, kama jino, ikaburutwa mchangani mpaka majini, na boti ikaondoka kinyumenyume kuelekea kwenye kina. Watoto tulipiga makofi na kupiga kelele. "Ameng'oa reli! Papa Redio ameng'oa reli!" Hata Papa Kisimba alitoa mikono mfukoni.

Papa alipunguza mafuta. Hakucheka. Alikuwa akitazama lile shimo mchangani.

Kambo alikuwa ameshasimama, maji yakimfika vifundoni. "Juu ya nini umeanza na nyuma?"

Papa alijifuta mikono kwenye suruali.

"Bafundi bote banaanza na mbele. Baba yenu alikuwa anaanza na mbele. Weye umeanza na nyuma." Moteri ilikuwa ikihema taratibu, naye akamwita Papa kwa jina lake. "Benoa. Gia uliikuta wapi?"

"Mama..."

"Nakuuliza weye, juu hii moteri inakataa kunijibu."

"Ku nyuma, Mama," Papa alisema. "Ku nyuma, na mafuta yote."

"Basi mukono yake ilikuwa pale."

"Ilikuwa pale, Mama. Mpaka maji ilizima moteri."

Papa Kisimba alikuwa ametazama chini. Hakuna kapiteni anayeruka wa kwanza akaacha gia nyuma na mafuta yote. Hata sisi watoto tungeweza kulihesabu hilo kama tungekuwa tunahesabu. Aliyeshika vile alibaki akijaribu kuwatoa watu kwenye mawe. Kambo alifungua kitambaa chake, akakiacha maji yakichukue. Akakaa palepale, kwenye maji, na kile kilio alichokuwa amekikalia muda wote ule kikatoka. Sijawahi kusikia tena sauti kama ile, na ningeweza kuishi vizuri bila kuisikia mara ya kwanza.

Tukaweka matanga. Kwa kuwa ziwa halikumrudisha, tulizika mgomba: shina changa, urefu wa mtu, limevishwa shati la Deo lenye vifungo vichache, likaviringishwa shuka. Rimu ililia kule kapelani, pigo moja, kimya, pigo moja, kwa sauti ya sufuria, na mimi, Redio, ambaye hata kuanguka kwa jani kunanichekesha, nilitazama ukosi wa shati lile na sikuona cha kuchekesha.

Siku ya kumaliza kilio Papa Kisimba alikuja na gunia la unga. Alisimama mlangoni, haingii.

"Mama, niliona kichwa mu maji. Mvua ilikuwa mingi. Nilizania njo yeye. Na magunia yangu ilikuwa inazama, nilikuwa na kasirani."

Kambo alimsogezea kigoda. "Kwa mudomo yako mwanangu aliishi mwaka ingine," alisema. "Kaa. Ukule."

Akavuta sahani ya ndakala, akatia mkono yeye wa kwanza, akala. Hapo ndipo nilipojua, kwa akili yangu ndogo ya wakati ule, kwamba tumbo lake halikuwa limeumwa hata siku moja.

Boti ile bado inafanya kazi. Inakwenda Kabimba kuchukua saruji, inakwenda Moba, inapitwa na kila mtu. Vijana wakija kwa Papa wanataka mbio, anawaelekeza kwa mafundi wengine. Ikipita karibu na shule yetu naisikia kwenye miguu ya benchi kabla haijafika kwenye dirisha, na ikianza na kile kikohozi, nywele za mikono zinanisimama. Wenzangu nawaambia ni baridi. Kalemie, saa saba mchana, baridi.

Lililobaki nililielewa mwaka huu, darasani. Mwalimu alichora ubaoni namna mzunguko unavyogeuka kuwa nguvu ya kuvuta: cha haraka na chepesi hakishiki, kizito na cha polepole kinashika. Nikaona elisi ya Umeme, ile ndogo, ya sifa, ambayo Papa aliifunga kwa mkono wake kwa sababu mdogo wake aliomba mbio. Nikamwona Deo kwenye mawe, gia nyuma, mafuta yote, na elisi inachana maji bure kama kidole. Kalamu yangu ikasimama.

Papa hakuijenga moteri ile upya kwa ajili ya saruji. Alikuwa na swali moja, tangu siku alipoinamia bwati, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza: kama ningemfanyia ya kuvuta, angetoka kwenye mawe? Alichimbia reli, akaishindilia kwa mawe, akaifunga kamba, akauliza. Na reli iling'oka.

Mimi nilikuwa pale mbele kabisa, nikimtazama baba yangu akipokea jibu lake, na nilimpigia makofi mpaka viganja vikaniuma.